Fomu ya HR: nitaunganishaje kazi yangu ya kila siku na malengo makubwa ya kampuni?

trela_malaba

Habari zenu wakubwa, naomba msaada na msinicheke. Niko Malaba upande wa Uganda, nafanya na kampuni ya klaringi na usafirishaji, mizigo yetu mingi inatoka Mombasa inapita hapa inaenda Kampala, mingine inapanda mpaka Elegu kuingia Sudan Kusini. Sasa ofisi kubwa Kampala wana mpango mkakati mpya, wametuletea bango la kutundika ukutani, "kuwa kampuni ya usafirishaji inayoaminika kuliko zote Afrika Mashariki na Kati", sawa, bango zuri, lina picha ya trela mpya ambayo sisi hatuna. Halafu HR, wale wa rasilimali watu, wametuma fomu kila mtu ajaze kabla ya mwisho wa mwezi. Ina safu tatu: kazi unayofanya kila siku, lengo la idara yako, na nguzo ya mpango mkakati ambayo kazi yako inaisaidia. Nguzo ziko nne: ukuaji wa biashara, mteja, ufanisi wa ndani, na watu.

Kazi yangu ni hii. Dereva akifika napokea makaratasi yake, naangalia namba ya gari na ya kontena na ya sili, ile lakiri ya kufungia kontena, kama zinalingana na zilizo kwenye mfumo, naskani, naingiza kwenye Excel. Nafuatilia magari yaliyoenda Elegu kama yametoka kweli. Nakusanya karatasi za intachenji, zile za kuthibitisha kontena tupu limerudishwa. Asubuhi naandika ripoti ya magari kwenye daftari, ile ile naiandika tena kwenye Excel, ile ile naituma tena WhatsApp. Na kutwa nzima Kampala wananipigia "gari iko wapi".

Sasa niambieni mtu anaandikaje kwamba kuskani karatasi kunaifanya kampuni iaminike Afrika Mashariki na Kati?? Mwenzangu ameandika "inachangia ufanisi" kila mstari, kaprinti, kasaini, kaenda kunywa chai. Mimi nilijaribu yangu ikatoka maneno makubwa matupu, hata mimi mwenyewe sikuiamini. Na kuna minong'ono kwamba fomu hizi ndo zitaamua nani abaki ofisi ikipunguzwa, kwa hiyo sitaki kujaza ovyo ovyo. Mlioshajaza mliandika nini?

mzigo_wa_leo

Kaka jaza kama mwenzako uende chai na wewe. Hizi fomu nimezijaza kwa waajiri tofauti na hakuna hata moja iliyorudi mtu akaniuliza hapa ulimaanisha nini, zinaingia kwenye faili, faili linaingia kwenye kabati, mwakani wanaleta nyingine yenye rangi tofauti. Serikalini ndo usiseme, ndugu yangu ni mtumishi wa wilaya, kila mwaka wa fedha ukianza Julai mpango kazi wake lazima ubandikwe lengo la mpango wa taifa wa maendeleo, sasa hivi ni ule wa nne wa 2025/26 mpaka 2029/30, na juu yake Dira ya 2040, hata akinunua wino wa printa lazima aonyeshe wino huo unaisogezaje Uganda mbele. Wino jamani.

mkongwe_wa_mpaka

Huyo hapo juu anakupoteza, na nakuambia kwa sababu kazi yako naijua, nimekula chumvi kwenye klaringi tangu kabla ya Himaya Moja ya Forodha, ule mfumo wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki, wakati ule gari lilikuwa linalala Malaba mpaka dereva anajulikana kwa mama lishe kwa jina la baba yake.

Hebu tuanze na hilo la Elegu ambalo umelitaja harakaharaka kama si kitu. Mzigo wa transiti haulipi ushuru Uganda kwa sababu unapita tu, si ndiyo? Lakini URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hawawezi kukuachia kwa maneno. Kampuni yako inaweka bondi, dhamana kwamba huo mzigo ukiishia njiani ukauzwa Kikuubo, soko la Kampala, ushuru utalipwa. Sasa bondi ina kiwango chake. Kila gari linaloondoka linakula kipande cha hiyo bondi, na hicho kipande hakirudi mpaka mfumo uonyeshe gari limetoka nje ya nchi. Gari linaweza kuwa Juba saa hii, dereva anakula samaki kando ya Nile, lakini kama kutoka kwake hakujathibitishwa kwenye mfumo, au namba ya kontena ina tarakimu moja imegeuzwa, bondi yenu bado imeshikwa. Zikishikwa nyingi bondi inajaa. Ikijaa hamuingizi mzigo mwingine wa transiti hata mteja aje na dola kwenye gunia, mpaka mkaongeze bondi, na kuongeza bondi ni hela.

Kwa hiyo wewe unayekaa hapo na simu kuuliza "lile la jana limetoka?" ndo unayeamua wiki hii kampuni inachukua mizigo mingapi ya Sudan Kusini. Hiyo ni nguzo ya ukuaji, haina mjadala, na wala huhitaji neno kubwa hata moja.

Njoo kwenye intachenji. Laini ya meli inampa mteja siku kadhaa za bure za kukaa na kontena, zikiisha kila siku ina bei yake kwa dola, na mita haisimami mpaka kontena tupu lipokelewe depo na intachenji itoke. Nimeona karatasi ya intachenji imekaa kwenye dashibodi ya gari chini ya kofia na maganda ya njugu huku mteja anadaiwa siku ambazo kontena lilisharudi zamani, na diposti yake imeshikwa. Mteja hajui bango lenu. Anaijua invoisi. Akiona siku ambazo si zake kwenye invoisi, hiyo "kuaminika" ya ukutani imekwisha palepale. Kwa hiyo ukikusanya ile karatasi siku ileile, hiyo ni nguzo ya mteja.

Usianze na bango ukashuka chini. Anza na karatasi mkononi, uliza nani anaipokea baada yangu, na nikikosea anaumia wapi na kwa shilingi ngapi, halafu panda juu hatua kwa hatua. Kawaida hatua tatu nne zinakufikisha kwa bango.

dada_wa_rekodi

Mkongwe umenena. Mimi si wa malori, niko West Nile kwenye kituo cha afya cha ngazi ya tatu, naandika rejista. Ila tatizo ni lilelile na kwetu ukikosea hakuna invoisi, kuna mtoto.

Mfano wa karibu kabisa, friji ya chanjo. Mlangoni imebandikwa karatasi ya joto, inajazwa asubuhi na jioni kila siku pamoja na Jumamosi na Jumapili, joto likae kati ya nyuzi 2 na 8. Kazi ya dakika moja, hakuna anayeipenda. Kuna kituo nilipita nikakuta karatasi ya mwezi mzima imeandikwa 5, 5, 5, 5, peni moja, mkono mmoja, hata siku ambazo kila mtu pale anakumbuka gesi ya friji ilikuwa imeisha. Yule aliyejaza hakuwa mtu mbaya, aliambiwa "jaza karatasi" akajaza karatasi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna chanjo zikiganda tu mara moja zimeharibika, na ukiitazama chupa kwa macho huoni tofauti yoyote, unamchoma mtoto maji ghali, mama anarudi nyumbani anajua mwanawe amekingwa. Alipoonyeshwa hivyo na fundi wa friji wa wilaya, na akaonyeshwa kwamba joto likipanda au likishuka yeye ana mamlaka ya kusema chanjo hizi zisitumike kwanza, alianza kuandika namba za kweli, 3, 6, 7, siku moja akaandika 11 na kupiga simu usiku.

Na rejista pia. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa Apac Aprili 2025 ilikuja na dozi nne, tatu za kwanza mtoto akiwa na miezi 6, 7 na 8, ya nne akiwa na miezi 18. Hebu piga hesabu, kutoka ya tatu mpaka ya nne ni miezi kumi. Mama anahama, anasahau, anakwenda kulima kwa wakwe. Kama mimi sikuandika kijiji vizuri na namba ya simu inayosomeka, yule wa VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea anayezunguka kijijini, atamtafuta nani? Wizara ikisema lengo ni kupunguza vifo vya malaria, mimi kipande changu ni kile kisanduku cha namba ya simu. Sijawahi kuona bango linalosema hivyo lakini ndo hivyo.

trela_malaba

Aisee, mkongwe, mimi miaka yote nafuatilia hayo magari ya Elegu nadhani ni kwa ajili ya bosi kutulia tu. Hili la bondi kujaa hakuna aliyewahi kuniambia! Nilikuwa naona siku nyingine wanasema "transiti imesimama kwanza" nadhani ni URA wamefunga mfumo.

Dada wa rekodi, asante, hiyo ya 5 5 5 5 imenichekesha kwa uchungu maana daftari letu la asubuhi liko hivyohivyo.

Swali sasa: naweza kuweka kazi moja kwenye nguzo zote nne? Ili nionekane nachangia kila mahali.

mama_mipango

Usifanye hivyo mwanangu. Nimekaa ofisi za mipango na rasilimali watu Kampala muda mrefu, nimezisoma hizo fomu kwa marobota, na mtu aliyeweka tiki kwenye nguzo zote ndo wa kwanza ninayemruka. Kazi moja, nguzo moja, ile inayouma zaidi kazi isipofanyika. Basi.

Kwanza nikutoe wasiwasi kidogo kuhusu hizo nguzo zenu, hazikutungwa na HR wako. Ukuaji, mteja, ufanisi wa ndani, watu, zimetokana na kadi ya alama, njia ya kupima kampuni, ya Kaplan na Norton ya mwaka 1992, Wamarekani wawili waliosema kampuni isitazame hesabu ya pesa peke yake maana pesa inakuonyesha ya jana. Kabla yao Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya uongozi, mwaka 1954 alishasema kila meneja awe na malengo yanayotokana na malengo ya kampuni, na ayashiriki kuyatunga mwenyewe. Halafu Andy Grove, bosi wa Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, akalichukua wazo hilo akaliwekea vipimo vya kuhesabika, John Doerr aliyefanya kazi chini yake akalipeleka Google mwaka 1999 wakati ni kampuni changa kabisa. Nayasema haya ili ujue wazo lenyewe si la kijinga. Kinacholiharibu ni jinsi linavyofika Malaba: Drucker alisema mtu ashiriki, sisi tunatuma fomu kwa imeli Ijumaa jioni na tarehe ya mwisho.

Na hapa nawasema wenzangu wa ofisi kubwa. Fomu inamuuliza aliye chini apande juu peke yake gizani. Hakuna anayeshuka kumwambia. Mtoto wa watu amefuatilia magari ya Elegu hajui habari ya bondi! Hiyo taarifa iko Kampala kwenye meza ya mhasibu, ingechukua muda wa chai moja kumwelezea. Kuna utafiti maarufu wa Adam Grant uliochapishwa 2007, ulifanywa chuo kikuu cha Michigan Marekani kwenye kituo cha simu ambako watu kazi yao ni kupigia waliosoma zamani kuomba michango. Kazi ya kukatisha tamaa, unakataliwa kutwa. Kundi moja likaletewa mwanafunzi mmoja anayesoma kwa ufadhili wa hiyo michango, wakaongea naye dakika 5 tu. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umepanda kwa asilimia 142 na pesa walizokusanya kwa wiki kwa asilimia 171. Hawakuongezwa mshahara, hawakupewa bango. Sisemi kila mahali itatokea hivyo, lile lilikuwa kundi dogo, lakini jiulize kampuni yako mara ya mwisho kumleta mteja ofisini Malaba ilikuwa lini.

Halafu ile ripoti unayoiandika mara tatu, daftari, Excel, WhatsApp. Hiyo usiitafutie nguzo. Ukikuta kazi ambayo hata ukiifuata hatua kwa hatua haifiki popote, fomu ndo mahali pa kuisema, kwa adabu. Andika "taarifa hii inaandikwa mara tatu, napendekeza ibaki Excel ambayo Kampala wanaweza kuifungua wenyewe". Uone kama simu za "gari iko wapi" hazitapungua nusu. Msomaji mzuri wa fomu anapenda mstari kama huo kuliko yote.

mzigo_wa_leo

Mama heshima yako, lakini ngoja nikupe upande wa pili maana mnazungumza kama vile kuunganisha ni kuzuri tu. Mimi ni afisa mikopo. Kwetu tuliunganishwa mpaka shingoni. Lengo kubwa: kumfikia mwananchi asiye na benki. Zuri sana. Likashuka mkoani likawa "kuongeza wateja wapya". Likashuka tawini likawa namba ya akaunti kwa kila afisa kwa wiki. Likafika kwangu likawa bosi amesimama mlangoni Ijumaa na karatasi. Unajua wenzangu walifanya nini, walifungua akaunti kwa mashemeji, kwa watu wa boda pale steji, weka shilingi elfu tano zangu, wiki ijayo zitoe nimpe mwingine. Namba zikapanda, mkoa ukapongezwa, mwananchi asiye na benki yuko palepale anaweka hela kwenye debe.

Na si sisi peke yetu, benki ya Wells Fargo huko Marekani ilipigwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016 kwa jambo hilohilo, wafanyakazi walibanwa na tageti mpaka wakafungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba, watu kama 5,300 walifukuzwa, wengi wao wa chini. Kwa hiyo kaka wa Malaba ukiandika kwenye fomu "nitathibitisha magari kadhaa kwa siku" ujue kesho namba hiyo ndo kamba yako.

mkongwe_wa_mpaka

Hapo nakubaliana na wewe, mara moja moja unasema kweli 😂 Kwenye klaringi pia ukimpima mtu kwa idadi ya entri, yaani matamko ya forodha, alizopeleka, atapeleka nyingi zenye makosa, halafu kurekebisha entri moja iliyoharibika kunakula siku nzima na faini juu. Trela, usiandike idadi. Andika hali: "hakuna gari lililotoka Elegu jana ambalo leo saa sita halijathibitishwa". Ukiandika hivyo huwezi kudanganya kwa wingi, na siku magari ni machache huonekani mvivu.

kahawa_ya_mlimani

Niruhusu niingie, niko Kapchorwa, nasimamia akina mama wanaochambua kahawa kwenye stesheni ya kuoshea, mlima Elgon huku. Mimi swali langu ni la upande mwingine kidogo lakini naona majibu yake yako humu. Ushirika wetu una lengo la kuuza arabika ya daraja la juu nje moja kwa moja. Nilikuwa nawaambia akina mama "ubora, ubora, ubora", wananiitikia "sawa bosi", na bado naokota punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu kwenye meza ya kuanikia.

Kilichobadilisha mambo, mnunuzi mmoja alikuja kuonja, tukaomba aonjee palepale uwanjani badala ya kujifungia ofisini. Vikombe vimepangwa juu ya meza, viwili vya kahawa ileile ya siku ileile, kimoja safi kimoja kimewekwa punje chache tu mbovu. Akina mama wakapewa vijiko. Wengi wao wanalima kahawa tangu utoto na hawajawahi kuinywa, kwetu ni chai. Mama mmoja mtu mzima kaonja kile cha pili akakitema kwenye majani, akasema kwa Kikupsabiny maneno ambayo sitayaandika hapa, halafu akauliza ni punje ngapi. Kuambiwa ni chache zile, akageuka akaangalia meza yake ya kuchambulia kama ndo anaiona leo. Tangu hapo wao wenyewe wanagombana, "hii ya nani, nani ameleta hii mbichi", mimi nimebaki kuangalia unyevu tu, ushuke mpaka kama asilimia 12 ndo tuanue.

Kwa hiyo mama mipango hilo la dakika tano nalikubali bila hata kuusoma huo utafiti. Nchi inauza zaidi ya magunia milioni 6 kwa mwaka siku hizi, ukimwambia mtu wa meza ya kuchambua namba hiyo hainasi popote, ila kikombe kimenasa. Swali langu ni hili: ile ari inapungua baada ya muda. Msimu huu naona imeanza kulegea. Nirudie kuonjesha kila msimu au watazoea?

mama_mipango

Watazoea ukirudia kilekile. Safari hii waambie kilichotokea. Ile kahawa waliyoichambua iliuzwa bei gani kuliko ya zamani, mnunuzi alilalamika nini, na kwenye malipo ya pili mwisho wa msimu ni kiasi gani kilitokana na daraja. Onyesha karatasi yenyewe ya malipo. Na kama bei ilipanda lakini mfukoni mwao haikuingia kitu, dada au kaka yangu, usiitishe mkutano wa kuonjesha, itisha wa kugawana kwanza. Hakuna kikombe kitakachoziba hilo.

dada_wa_rekodi

👏👏 hiyo ya mwisho ibandikwe ukutani badala ya hayo mabango. Kwetu VHT wanaambiwa kila siku ninyi ndo msingi wa afya ya taifa, ukiuliza posho ya usafiri wanakuambia bajeti.

kahawa_ya_mlimani

Ni dada 🙂 Malipo ya pili yalitoka lakini kwa kuchelewa, na karatasi ya daraja hawakuonyeshwa. Nitaiomba kwa katibu wiki hii. Asante mama.

trela_malaba

Wakubwa nimekaa nayo usiku, nimeandika hivi, nisahihishieni kabla sijatuma:

Kazi ya 1: Kuthibitisha kila gari la transiti lililofika Elegu limetoka kwenye mfumo. Lengo la idara: bondi isishikwe bure. Nguzo: ukuaji. Kipimo: hakuna gari lililotoka jana ambalo leo saa sita mchana halijathibitishwa.

Kazi ya 2: Kukusanya intachenji kwa dereva siku anayorudi, kabla hajaenda nyumbani, na kumtumia mteja nakala. Lengo: mteja asilipie siku za kontena ambazo si zake. Nguzo: mteja.

Kazi ya 3: Kulinganisha namba ya gari, kontena na sili kabla ya kuskani. Lengo: entri isirudishwe. Nguzo: ufanisi wa ndani.

Pendekezo: ripoti ya asubuhi iandikwe Excel peke yake, Kampala wapewe ruhusa ya kuifungua. Na naomba nielezwe kila Jumatatu bondi imebaki kiasi gani ili nijue magari gani niyafukuzie kwanza.

Nguzo ya watu nimeiacha wazi, sina cha kuweka.

mkongwe_wa_mpaka

Safi sana. Marekebisho mawili. Kazi ya 1, saa sita mchana ni mapema mno, mtandao wa Elegu unaujua, na kuna siku foleni upande wa Nimule, ng'ambo ya mpaka Sudan Kusini, inarudisha magari nyuma. Weka "kabla ya kufunga ofisi", na uongeze "au sababu imeandikwa", vinginevyo utahukumiwa kwa kosa la mtandao. Kazi ya 2, intachenji ya Mombasa huwezi kuipata siku ileile dereva akiwa bado njiani, mwambie aipige picha akiwa getini kwa depo akutumie, ile ya karatasi ifuate.

Hilo ombi la bondi kila Jumatatu liwekee mstari chini. Mhasibu atagoma kwanza, atasema ni siri ya kampuni. Mwombe asilimia tu, si shilingi.

mama_mipango

Nguzo ya watu si tupu. Yule mwenzako wa "inachangia ufanisi" anajua habari ya bondi? Andika utamfundisha kazi ya 1 ili ukiwa na ruhusa au ukiugua isisimame. Na tuma kwa imeli ukimnakili bosi wako wa Malaba, usimpitie juu.

trela_malaba

Nimebadilisha yote, naituma kesho asubuhi. Mwenzangu nimemsomea ile ya bondi, ameenda kuomba fomu nyingine tupu.

mzigo_wa_leo

Zikirudi na majibu utuambie. Nasubiri hapa na chai yangu.